Barua na karatasi za mwandishi: ziko wapi, na zifikeje huko zikiwa nzima? (Dodoma na mikoa ya kati)

Masijala_Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila baada ya muda anakuja mtu humu anauliza, "Karatasi za mshairi fulani zimehifadhiwa wapi?" Anategemea atajiwe jengo moja. Jengo hilo halipo. Mswada hubaki nyumbani kwa aliyeuandika, lakini barua huondoka siku inapotiwa stempu. Ukitaka alizoandika, anzia kwa waliozipokea. Ukienda kwake utakuta alizoandikiwa.

Barua za Shaaban Robert za 1931 hadi 1958 tunazisoma leo kwa kuwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, hakuzitupa. TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikazitoa kitabu mwaka 2002. Kwa hiyo mhifadhi wa kwanza wa barua za Shaaban Robert ni mpokeaji. Hakuna idara iliyomtuma.

Turudi kwetu. Mshairi Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, hapo hapo nje ya mji wa Dodoma, mwaka 1917, akafariki 1969. Mfuate kwa nyayo zake. Alikuwa mtumishi wa serikali, hivyo barua zake za kazi zitafutwe kwenye majalada ya serikali, si kwenye fungu lenye jina lake. Historia yake ya Wagogo ilitoka 1954 kupitia East African Literature Bureau, shirika lililoanza 1948 na makao yake Nairobi, likafa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mrithi wake kule ni Kenya Literature Bureau. Maana yake mawasiliano ya mwandishi wa Dodoma na mchapishaji wake huanza kutafutwa Nairobi. Utenzi wake wa Injili ulichapwa na wamisionari wa Ndanda, kusini. Mashairi yake na ya wenzake wa UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, yalizunguka mwambao mzima, na kila mshairi aliyejibizana naye ni sanduku jingine la kufungua.

Huo ndio mpango: orodhesha watu na ofisi alizoandikiana nazo, kisha tafuta kila moja iliishia wapi. Orodha ya watu 20 inakupa kazi ya miezi, lakini huo ndio utafutaji. Kuzunguka hifadhi ukiuliza "mna karatasi za fulani?" kunakuletea "hatuna", hata pale zilipo.

Wenye kujua hifadhi mahususi waongeze. Nina swali pia la upande wa pili: familia ya hapa mkoani yenye sanduku la bati lililojaa, ifanye nini kabla ya kulikabidhi?

---

KizimbaChaVitabu

Mkuu, umeanza vizuri, ila umesahau kitu kimoja kinachobomoa nusu ya hoja yako: kaboni. Mwandishi aliyetumia taipureta mara nyingi alibaki na kopi ya kaboni ya barua aliyotuma. Ni karatasi nyepesi kama ya kufungia vitumbua, maandishi yamefifia na yana ukungu wa bluu au mweusi. Watu hudhani ni rasimu iliyoharibika, wanaitupa ya kwanza. Kumbe pengine ndiyo nakala pekee ya barua hiyo iliyosalia duniani.

Kuhusu mahali. Kwa Tanzania Bara kuna sehemu mbili kubwa ambazo watu huzichanganya.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina hifadhi yake Dar es Salaam. Inasimamiwa na Sheria Na. 3 ya 2002, na nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kilichopo hapa Dodoma ni kitu kingine: kinapokea kumbukumbu tuli, yaani majalada ya wizara na taasisi ambayo hayatumiki kila siku lakini muda wake haujaisha. Usiende pale na shairi la babu ukitegemea kukuta chumba cha wasomaji.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina makusanyo mawili tofauti. Maktaba kuu ina mkusanyo wa East Africana, wenye karatasi za Hans Cory na za Fosbrooke, waliokuwa maofisa wa serikali ya kikoloni. Miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, iliyokusanywa miaka ya 1960 na J.W.T. Allen na wenzake, ina orodha iliyochapwa 1970. Omba orodha kwanza, ndipo uombe mswada. Anayeanza kwa kuomba mswada humchosha mtunzaji bure.

Zanzibar wana Nyaraka zao Kilimani. Mkusanyo wao wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingia kwenye rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO mwaka 2003. Nyaraka za Kijerumani za Bara ziliingia mapema zaidi, 1997.

---

Mvumi_Makulu

Naongeza za kanda yetu, maana wengi wanaishia Dar.

Wamisionari wa Church Missionary Society walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, baadaye Kongwa, Mvumi na kwingine. Barua na taarifa walizotuma makao makuu ziko Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Kuanzia 1927, Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa, eneo likashikwa na CMS ya Australia, kwa hiyo uzi unakatika Birmingham na kuendelea upande wa Australia. Anayetafuta barua za mwalimu au mwinjilisti Mgogo wa miaka ya 1930 akang'ang'ania Birmingham atapoteza muda.

Cha kuzingatia: katika makusanyo ya namna hii Mwafrika aliyeandika barua mara nyingi haonekani kwenye orodha. Fungu limeandikwa jina la mmisionari, na barua ya mwalimu wetu imekunjwa ndani kama kiambatisho. Hakuna njia ya mkato. Unasoma jalada ukurasa kwa ukurasa.

Tahajia nayo inaua. Jaribu Mpwapwa, Mpapwa, Mpapua, Mamboya, Mamboia. Shaaban Robert kwenye katalogi nyingi za nje yuko chini ya herufi R. Jina la pili la Mwafrika limefanywa la ukoo hata kama ni la baba, na wakati mwingine jina la kwanza ndilo limefanywa la ukoo. Tafuta yote mawili, kisha tafuta la tatu lisilo na maana, kwa sababu karani aliyeandika hakuwa akijua Kiswahili.

---

Masijala_Kuu

Shukrani mkuu. Na wachapishaji wa nje?

---

KizimbaChaVitabu

Waandishi wa Afrika waliochapwa na Heinemann katika African Writers Series, mfululizo ulioanza 1962: kumbukumbu za mchapishaji ziko Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Peter Palangyo wa kwetu alitolewa humo 1968, basi ukimtafuta yeye anzia Reading kabla ya kwingine. Jalada la mchapishaji lina utamu wake: ripoti za wasomaji wa mswada, ugomvi wa malipo, barua za kukataa. Mwandishi mwenyewe huwa hatunzi barua za kukataliwa, mchapishaji hutunza.

SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichopo London, wana karatasi za Taylor, Werner, Hichens na wengineo. Hao walikuwa wakusanyaji, si watunzi, lakini barua za washairi wa mwambao zimo kwao.

Na Texas, Austin, kuna Harry Ransom Center. Wana kumbukumbu za Transcription Centre ya London, iliyorekodi na kuandikiana na waandishi wengi wa Afrika miaka ya 1960. Wana pia karatasi za Coetzee wa Afrika Kusini, walizonunua kwa dola milioni 1.5, na za García Márquez wa Colombia, walizonunua 2014 kwa dola milioni 2.2. Za Achebe ziko maktaba ya Houghton, Harvard.

---

Tembe_na_Bati

Milioni mbili za dola! Halafu familia ya Chamwino inaambiwa "toeni bure kwa ajili ya taifa". Haki iko wapi?

---

KizimbaChaVitabu

Ndugu, bei ile ni ya mwandishi mwenye soko la dunia nzima, aliyetunza rasimu kwa mpangilio. Mshairi wetu wa Kiswahili hana mnunuzi wa kiwango hicho, na tusidanganyane. Anayekuja nyumbani na laki mbili akitaka "hizo karatasi za mzee" huwa anachagua barua tatu zenye majina makubwa na kuacha zilizobaki bila mfuatano. Hapo ndipo hasara ilipo. Familia ikiwa na shida ya fedha ni heri iuze fungu lote zima kwa hifadhi moja kuliko kuuza barua moja moja.

Kuna njia nyingine: programu ya Endangered Archives ya Maktaba ya Uingereza hutoa fedha za kupiga picha nyaraka zilizo hatarini, kwa sharti kwamba asili zisitoke nchini. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa vipindi. Anayeomba awe na taasisi ya hapa nyumbani nyuma yake.

Ah, halafu jambo ambalo watu hawalitaji: mwandishi mmoja tu wa Bara ana sheria inayogusa kumbukumbu zake. Ni Nyerere, mfasiri wa Shakespeare, kupitia Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya 2004. Wengine wote wako mikononi mwa warithi.

---

BaftaNyeupe

Nijibu swali la sanduku la bati, maana huko ndiko vitu vinakofia.

Hali ya Dodoma kwanza. Tuko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha ukame na vumbi miezi saba. Kwa karatasi hii ni bora kuliko Tanga au Dar. Kuvu huanza kuota unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda, na sisi hufika hapo msimu wa mvua tu. Maadui zetu ni joto, vumbi na mchwa. Kanuni ya wahifadhi ni kwamba kila nyuzi 5 za joto zinazoongezeka, kasi ya karatasi kuchakaa huongezeka takriban maradufu. Chumba cha bati bila dari saa nane mchana mwezi Oktoba ni tanuri. Chumba cha ndani chenye dari, kisichopigwa na jua la magharibi, kinakuongezea miaka bila kununua kitu. Tembe ya zamani yenye paa la udongo ilikuwa na joto tulivu kuliko nyumba ya bati, ila boriti zake huleta mchwa na paa hudondosha vumbi, kwa hiyo msikimbilie kurudisha karatasi kwenye tembe.

Sanduku la bati lenyewe si baya. Panya hawapiti. Ubaya ni pale linapokaa sakafuni na kugusa ukuta wa nje. Liinue sentimita 15 kutoka sakafuni kwa matofali au chaga ya chuma, lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani. Mchwa mfanyakazi hawezi kuruka. Lazima ajenge njia ya udongo. Ukiacha nafasi utaiona njia hiyo kabla hajafika. Kagua miguu ya chaga kila wiki msimu wa mvua.

Sasa ndani ya sanduku. Kabla ya kugusa chochote, piga picha lilivyo, tabaka kwa tabaka. Usipange upya. Hili nalikoleza kwa sababu ndilo kosa kubwa la watu wenye nia njema. Kijana anakaa Jumapili nzima anapanga barua kwa tarehe, anafurahi. Kumbe barua ya 1958 ilikuwa imewekwa ndani ya daftari la shairi la 1964 kwa sababu shairi linaijibu barua ile. Amekata kamba na hakuna wa kuifunga tena.

Halafu vyuma. Klipu na pini zenye kutu huunguza karatasi na kuacha alama ya kahawia ambayo haitoki. Usitumie kile kibanio cha kung'olea pini za stepla, huchana pembe. Laza karatasi, ingiza kipande cha plastiki kigumu kati ya pini na karatasi, fungua miguu ya pini upande wa nyuma kwa ncha butu ya kisu cha siagi, kisha vuta kutoka mbele. Klipu iliyogandana na karatasi usiivute. Ingiza plastiki pande zote mbili, tikisa polepole mpaka iachie. Kurasa zilizokuwa pamoja zikae pamoja ndani ya karatasi moja iliyokunjwa katikati.

Karatasi nyeupe ya A4 ya fotokopi ya siku hizi kwa kawaida hutengenezwa na chokaa ndani, haina tindikali, kwa hiyo yafaa kwa kazi hiyo ukikosa karatasi maalumu. Gazeti halifai hata kidogo. Vipande vya gazeti ndivyo vinavyounguza barua jirani. Fotokopi kipande, asili iweke peke yake. Juu ya yote funika kwa kitambaa cha bafta au marekani kilichofuliwa bila wanga. Wanga ni chakula cha wadudu.

---

Tembe_na_Bati

Mama Bafta, na zile zilizoanza kuchanika kwenye mikunjo? Selotepu haifai? Wengine wanapeleka steshenari kulaminisha, zinatoka zinang'aa. Na naftalini kwa wadudu?

---

BaftaNyeupe

Hapana, hapana, na hapana.

Selotepu: gundi yake huingia ndani ya karatasi, hugeuka njano kisha kahawia, plastiki hubanduka na kuacha doa lenye kunata. Kulaminisha ni kuipika barua kwa joto na kuifungia ndani ya plastiki isiyotoka tena. Hifadhi nyingi zikipokea barua iliyolaminishwa huihesabu kama nakala iliyopotea nusu. Iliyochanika iweke tu ndani ya karatasi yake iliyokunjwa, vipande vyote pamoja. Kuunganisha ni kazi ya fundi mwenye karatasi ya Kijapani na gundi ya ngano iliyopikwa, tena hata yeye atasubiri.

Naftalini ni sumu kwa anayesoma na huharibu plastiki na picha. Kwa wadudu walio hai ndani ya karatasi tumia friza: funga boksi zima ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, ziba vizuri, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua mapema matone ya maji yatatokea juu ya karatasi baridi kama yanavyotokea kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Umeme ukikatika siku nzima na friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Picha za vioo na kanda za sauti zisiingie humo.

Barua iliyokauka mpaka inapasuka ukiikunjua: usiilazimishe mchana wa Septemba. Chukua beseni lenye mfuniko, weka chini taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, juu yake waya wa kupozea keki, juu ya waya barua. Funika. Angalia kila nusu saa. Ikilegea, ikunjue, ilaze kati ya karatasi za kunyonya na uzito mwepesi usiku kucha. Lakini kwanza jaribu wino: gusa nukta moja ya mwisho wa sentensi kwa pamba yenye unyevu. Ikiacha rangi, acha kabisa. Na muwe macho na penseli zile za zamani za ofisini zinazoonekana kijivu: zikipata unyevu huwa zambarau na kusambaa ukurasa mzima. Barua moja ya aina hiyo ndani ya beseni inatosha kutia rangi nyingine tano.

Zikilowa kwa mvua una saa 48 hivi kabla ya kuvu. Kausha kivulini kwa feni, feni isizipulize moja kwa moja. Jua linakunja na kufifisha. Zikiwa nyingi kupita uwezo, friza ile ile inakununulia muda.

---

Dijitali_Dom

Kwenye picha za simu nitoe hesabu, maana watu husema "nimeskani zote" halafu hazisomeki.

Lengo la chini ni nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 kwa kiwango hicho ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7. Simu yenye kamera ya milioni 12 hutoa 4000 kwa 3000. Ukijaza fremu sawasawa na ukurasa unapata nukta 340 hivi kwa inchi. Ukiacha meza ionekane sana pande zote umeshuka chini ya 300. Kwa hiyo simu inatosha kwa A4 moja moja, haitoshi kwa gazeti wala daftari lililofunguliwa kurasa mbili.

Faili la TIFF (aina ya faili la picha lisilopoteza ubora) lisilobanwa la ukurasa huo wa rangi ni takriban megabaiti 26. Kurasa 1,000 ni gigabaiti 26. 4,000, sanduku la kawaida la bati, zaidi ya 100. Nunua diski mbili za kampuni tofauti, zisikae nyumba moja, na nakala ya tatu iwe kwa taasisi. Simu yako ikihifadhi JPEG pekee, yaani picha iliyobanwa, basi JPEG ile ya kwanza ndiyo asili. Usiihariri, usiipitishe WhatsApp. WhatsApp kwa kawaida huipunguza ubora.

Simu iwe kwenye stendi ikitazama chini, mwanga wa dirisha kutoka pembeni, flashi imezimwa. Weka rula na karatasi ya namba ya barua ndani ya kila picha. Mpangilio: bahasha mbele, bahasha nyuma, kisha ukurasa mbele, ukurasa nyuma *hata kama ni mtupu*. Ukiruka kurasa tupu, miaka kumi baadaye hakuna atakayejua kama ulikuwa mtupu au uliusahau. Jina la faili lifuate namba: 03-012-01a, 03-012-01b. Jina kama "barua nzuri ya mzee" halifai.

---

Masijala_Kuu

Nimalizie kwenye namba hizo. Namba ziandikwe kwa penseli laini, HB au 2B, pembe ya juu upande wa nyuma, ukiwa umelaza karatasi kwenye kitu kigumu. Kalamu ya wino isikaribie meza kabisa.

Orodha ya makabidhiano haihitaji utaalamu mkubwa. Kanuni za kimataifa za kuelezea nyaraka zina vipengele 26, lakini sita tu ndivyo vya lazima: namba ya utambulisho, jina la kipande, aliyekitengeneza, tarehe, ukubwa, na ngazi (fungu zima, mfululizo, jalada au kipande kimoja). Ukubwa pima kwa urefu wa rafu: sentimita moja ya karatasi za kawaida ni kama 100, barua zilizokunjwa huwa pungufu sana. Tarehe isiyojulikana iweke kwenye mabano ya mraba na sababu yake, kwa mfano [kabla ya Desemba 1961, stempu ya wakati wa ukoloni].

Na andika historia ya karatasi zenyewe: zilikuwa kwa nani, zikahamia kwa nani, lini, nini kiligawiwa kwa ndugu mwingine. Aya moja tu. Mtafiti anaihitaji kuliko wasifu wa marehemu uliosomwa kaburini.

---

MirathiNaHaki

Upande wa sheria, kwa kifupi. Karatasi ya barua ni mali ya aliyeipokea. *Maneno* yaliyomo ni ya aliyeyaandika, na akifa ni ya warithi wake, kwa miaka 50 baada ya kifo chini ya Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999. Hivyo sanduku la mshairi aliyefariki 1969: miswada yake muda wake umeshapita, lakini barua ya rafiki yake aliyefariki 1990 iliyomo ndani ya sanduku hilo hilo italindwa mpaka 2040. Familia inaweza kuikabidhi karatasi hiyo kwenye hifadhi. Haiwezi kumruhusu mtu aichape kitabuni.

Hati ya makabidhiano iseme moja kati ya mawili: mnatoa kabisa, au mnaweka amana. Amana inaonekana salama zaidi kwa familia, lakini taasisi husita kutumia fedha za maboksi na mafundi kwa kitu kinachoweza kuchukuliwa kesho. Mkiweka amana, wekeni muda. Na anayesaini awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa kwa sababu ya ukubwa tu hatoshi. Makabidhiano yaliyosainiwa na asiye msimamizi huvunjika siku mjukuu mmoja anapotoka Arusha na wakili.

Barua zenye mambo ya ndoa, maradhi au deni: zifungeni kwa tarehe kamili, "zisisomwe kabla ya 1 Januari 2045". Maneno kama "mpaka familia itakaporidhika" mhifadhi hawezi kuyatekeleza.

---

Mvumi_Makulu

Kuhusu kuchagua mahali pa kukabidhi hapa mkoani: UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana wana maktaba, Maktaba ya Mkoa ipo. Lakini kuwa na maktaba si kuwa na hifadhi ya nyaraka. Maktaba hupokea vitabu vilivyochapwa. Karatasi binafsi zinahitaji mtu na chumba chake. Uliza mambo manne kabla ya kusaini: nionyesheni rejesta ya mapokezi, nani anasimamia karatasi za watu binafsi, msomaji anasomea wapi na nani anamwangalia, na msichokitaka mtakirudisha au mtakichoma? Wakisita kwenye la kwanza, ondoka. Taasisi isiyo na rejesta haitajua miaka mitano baadaye kama ilipokea kitu kwako.

Nyaraka za Taifa nao hupokea za watu binafsi. Andika barua, ambatanisha ile orodha ya Masijala_Kuu na picha tano sita. Orodha ndiyo inayofungua mlango. "Tuna makaratasi mengi ya marehemu" haijibiwi haraka na ofisi yoyote.

---

Tembe_na_Bati

La mwisho kutoka kwangu. Bahasha tupu ni nyingi kuliko barua. Zinajaza nafasi. Na kuna mtu anataka stempu zake.

---

BaftaNyeupe

Bahasha isitupwe. Barua nyingi za Kiswahili huandikwa "Jumatatu, saa ya jioni" bila mwaka. Muhuri wa posta una tarehe na mji. Ukiona muhuri wa Kondoa kwenye barua ya mtu aliyejulikana kuishi Singida, umepata safari ambayo haiko kwenye wasifu wowote. Ukibandua stempu, nusu ya muhuri inaondoka nayo.

Bahasha isiyo na barua yake ipe namba yake yenyewe, usiibunie barua ya kuifaa. Na ile yenye hesabu za mahindi au ubeti wa shairi nyuma, hiyo ihesabu kama mswada. Washairi wetu hawakuwa na karatasi za kuchezea. Mwenye kutaka stempu mwambie aende dirishani posta.